Chakula cha Kichina Kwenye Karai Letu

(Haya ni maneno ya hotuba iliyotolewa kwa wanachama wa vikundi vya kujisaidia katika semina ya siku moja kuhusu lishe na matumizi ya nyumbani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, ili vikundi ambavyo havikufika vipate kuyasoma pamoja.)



Najua wengine mmeshaanza kunong'onezana. Mnasema, huyu ametuletea mambo ya hoteli za Nairobi, na sisi hapa tunatafuta unga wa ugali. Ngojeni kidogo. Sikuja kumwambia mtu aache ugali wake au githeri yake. Nimekuja kuwaonyesha kwamba chakula hiki ambacho vijana wetu wakienda mjini wanakilipia pesa nyingi, karibu vitu vyake vyote viko katika shamba lako. Kabeji iko. Karoti iko. Tangawizi, kitunguu saumu, mayai, ndengu, vyote viko. Hata chombo chake unacho: ni karai, lile lile unalokaangia maandazi.

Basi leo tujiulize maswali matatu. Kwa nini chakula hiki kinapendwa hivyo? Kinapikwaje nyumbani? Na kitatusaidia nini sisi watu wa kijijini?

1. WACHINA WANAKULA NINI?

Kwanza tuondoe kosa moja. Watu husema "chakula cha Kichina" kana kwamba ni kimoja. China ni nchi kubwa sana. Kusini, ambako kuna maji na joto, watu hula wali. Kaskazini, ambako ni baridi na kukavu, hulimwa ngano, na watu hula tambi, mikate inayopikwa kwa mvuke, na vile vidonge vya unga vilivyojazwa nyama au mboga, viitwavyo jiaozi, ambavyo ni kama sambusa za kuchemshwa. Katika jimbo la Sichuan wanapenda pilipili kali mpaka machozi yatoke. Pwani ya kusini, upande wa Guangdong, wanapenda samaki na ladha isiyo kali. Wako pia Wachina Waislamu, na hao hawagusi nguruwe. Mji wa Lanzhou unajulikana kwa tambi zao za mchuzi wa ng'ombe. Kwa hiyo jirani yako Mwislamu asikimbie akisikia neno Kichina. Kuku na ng'ombe wanatosha.

Jambo la pili. Mzee mmoja anaweza kuniuliza, "Kwa nini tule chakula cha watu wengine?" Ni swali zuri, nami nalijibu kwa heshima. Mzee wangu, mahindi unayoyaita chakula chetu yalitoka Marekani ya kale yakapita baharini mpaka kwetu. Maharagwe vile vile. Chapati na pilau zilitoka upande wa Bara Hindi na Uarabuni. Chai ilitoka China yenyewe! Na Wachina nao hawakuwa na pilipili kali, mahindi wala viazi vitamu mpaka vilipofika kutoka huko huko Marekani miaka ya 1500 na baadaye. Leo Sichuan bila pilipili haifikiriki, kama vile Kenya bila mahindi haifikiriki. Chakula hutembea, na anayekipokea hukifanya chake.

Na urafiki wetu na Wachina haukuanza juzi na barabara ya Thika au reli ya mwaka 2017. Mwaka 1415 watu wa Malindi walimpelekea mfalme wa China twiga, na miaka michache baadaye merikebu za amiri Zheng He zilifika pwani yetu. Vigae vya vyombo vya Kichina vimechimbuliwa Gedi na sehemu nyingine za pwani. Sahani zao zilifika zamani sana. Upishi ndio umechelewa.

2. UTAMU WAKE UNATOKA WAPI?

Nimekisikia chakula hiki kikisifiwa sana, nikachunguza kwa nini. Naona sababu ni nne.

Kisu. Mchina hukata kila kitu jikoni kabla ya kupika. Mezani hakuna kisu, kuna vijiti viwili tu vya kulia. Kwa hiyo vipande lazima viwe vidogo, na viwe vya ukubwa mmoja ili viive pamoja.

Moto. Karai huwekwa kwenye moto mkali, mafuta yakapata moto sana, halafu chakula kikakorogwa bila kupumzika kwa dakika chache tu. Mboga hutoka zikiwa na rangi yake na bado zinalia kidogo kwenye meno. Hazilegei kama zile tunazochemsha mpaka zinakuwa za kijivu.

Viungo vitatu: tangawizi, kitunguu saumu na vitunguu vya majani. Hivi hutangulia kwenye mafuta, na harufu yake ndiyo inayomwita jirani.

Soya. Sosi ya soya hutengenezwa kwa kuchachusha maharagwe ya soya pamoja na ngano na chumvi kwa miezi mingi. Inaleta ladha nzito kama ya mchuzi wa nyama, hata pale ambapo nyama ni kidogo.

Sasa angalieni hizo sababu nne tena. Je, kuna hata moja inayohitaji utajiri? Hakuna. Upishi huu ulikuzwa na watu wengi waliokuwa na nyama kidogo, mafuta kidogo, na mahali pengi kuni haba. Kukata vitu vidogo na kupika haraka ni akili ya mtu anayejua gharama ya kuni. Sisi akina mama tunaotembea na mzigo mgongoni tunaielewa akili hiyo bila kufundishwa.

3. NYAMA ISIYOHESABIKA

Hapa ndipo penye shina la mazungumzo yangu, kwa hivyo naomba akina baba mnisikize bila kukasirika.

Katika kazi yangu ya kutembelea nyumba nimeona mara nyingi jinsi nyama inavyogawanywa. Robo kilo inaponunuliwa, hukatwa vipande vinane au tisa. Baba hupewa vinne. Mgeni akiwapo, hupewa vitatu. Watoto wanagawana kinachobaki, na mama anakula mchuzi. Mama huyo huenda ana mimba au ananyonyesha. Mtoto wa miaka miwili, ambaye mwili wake unajengwa sasa, anapata ugali uliochovywa. Hakuna aliyekusudia ubaya. Ni desturi, na ni hesabu: vipande vikiwa vichache na vikubwa, lazima vifuate cheo.

Lakini kata robo kilo ile ile iwe nyembamba kama sarafu, uichanganye na kabeji, karoti na hoho kwenye karai. Sasa nyama iko kila mahali. Ukipakua kijiko chochote, nyama imo. Haihesabiki! Baba anakula nyama, mama anakula nyama, na mtoto wa miaka miwili anapata vijipande anavyoweza kutafuna. Hakuna aliyeporwa heshima yake, na watu sita wameshiba kwa robo kilo.

Wachina wengi hula hivyo. Kila mtu ana bakuli lake la wali, na mboga na nyama vinawekwa katikati, kila mkono unafika. Jambo hilo ndilo lililonifanya nikubali kuja kuzungumza leo, kuliko utamu wenyewe.

4. TUPIKE

Mboga za karai na nyama, watu sita

Tayarisha: nyama ya ng'ombe isiyo na mifupa au kuku, robo kilo, nusu ya kabeji ndogo, karoti 3, hoho 1, vitunguu vya majani kiganja kimoja, tangawizi kiasi cha kidole gumba, punje 4 za kitunguu saumu, sosi ya soya kijiko 1 kikubwa, unga wa muhogo kijiko 1 cha chai, mafuta vijiko 3 vikubwa.

Kata nyama kwa kukingamana na nyuzi zake, usifuate nyuzi. Hii inailainisha. Changanya na sosi ya soya, unga wa muhogo na maji kidogo, uiache dakika 15. Unga ule unaishika nyama isikauke. Wakati huo kata mboga zote, uziweke tayari pembeni. Usianze kupika kabla hujamaliza kukata, maana moto hautakungoja.

Pasha karai sana. Tia mafuta vijiko viwili, kisha nusu ya nyama, uitandaze. Koroga dakika mbili mpaka iive, uitoe. Fanya hivyo na nusu nyingine. Ukitia yote mara moja, karai litapoa na nyama itatoa maji, utakuwa unachemsha badala ya kukaanga. Sasa tia mafuta yaliyobaki, tangawizi na kitunguu saumu. Hesabu mpaka kumi tu, visiungue. Tia karoti kwanza kwa sababu ni ngumu, halafu kabeji, halafu hoho. Koroga. Nyunyiza maji robo kikombe. Rudisha nyama, koroga tena, malizia na vitunguu vya majani. Epua.

Motoni umekaa dakika kumi hivi. Githeri hukaa saa mbili au tatu. Sisemi tuache githeri, ina nguvu yake. Lakini siku ambayo kuni zimepungua au umerudi shamba umechelewa, unajua la kufanya. Tena kabeji iliyochemshwa muda mrefu hupoteza vitamini C nyingi, na nyingine tunaimwaga na maji. Ile ya karai hubaki na sehemu kubwa zaidi.

Kula na wali au kula na ugali. Sukuma wiki nayo inapikika hivi hivi, ikikatwa nyembamba.

Wali wa kukaanga

Huu unahitaji wali uliopoa, kwa sababu wali wa moto hushikana ukawa uji. Lakini sikizeni vizuri: wali uliolala usiku kucha kwenye sufuria bila friji unaweza kuleta sumu ya tumbo ambayo hata ukiupasha moto tena haitoki. Basi sisi tusio na friji tuupike siku ile ile, tuutandaze kwenye sinia upoe upesi, tuufunike na wavu dhidi ya nzi, na tuukaange mara tu ukishapoa. Kaanga mayai mawili kwanza, yavunje vipande, uyatoe. Kaanga kitunguu, karoti zilizokatwa vidogo na minji. Tia wali, ugawanye kwa mwiko, tia sosi ya soya kidogo, rudisha mayai. Kwisha.

Chipukizi za ndengu

Ndugu zetu wa Kitui, Makueni na Machakos, hii ni yenu. Zile nyuzi nyeupe zinazolia kwenye meno katika chakula cha Kichina ni ndengu tu zilizooteshwa! Osha kikombe kimoja cha ndengu safi ambazo hazikutiwa dawa ya kuhifadhi wala ya kupanda. Loweka usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, uziweke kwenye mkebe uliotobolewa matundu chini, ufunike kwa kitambaa kibichi, uweke mahali penye giza. Zisuuze kwa maji safi mara tatu au nne kwa siku, maji yatoke yote. Siku ya nne hivi ziko tayari. Kilo moja ya ndengu inaweza kutoa kilo nne au zaidi. Uzito huo mwingi ni maji, tusidanganyane, lakini mbegu ikiota hutengeneza vitamini C ambayo ndengu kavu karibu haina. Wakati wa kiangazi, mboga zikikauka shambani, mkebe huu ni bustani yako ndani ya nyumba. Zipike, msizile mbichi, maana joto na unyevu ule hupendwa na viini pia.

Tofu

Wanaolima soya, kule magharibi na kwingineko, wanajua ina protini nyingi, karibu gramu 36 katika kila gramu 100 za mbegu kavu. Tofu ni maziwa ya soya yaliyogandishwa. Loweka nusu kilo ya soya usiku kucha, saga na maji, chuja kwa kitambaa safi. Chemsha maziwa hayo ukikoroga kwa dakika 15, yasifurike. Ni lazima yachemke vizuri, kwa sababu soya mbichi huzuia tumbo kutumia protini yake. Epua, tia maji ya ndimu vijiko vitatu au vinne polepole mpaka yagawanyike. Mimina kwenye kitambaa, ukandamize kwa jiwe safi nusu saa. Kata vipande, kaanga na mboga kama nyama. Makapi yaliyobaki yachanganye kwenye unga wa chapati.

5. TAHADHARI

Chumvi. Kijiko kimoja kikubwa cha sosi ya soya kina chumvi zaidi ya gramu mbili. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu tano kwa siku. Kwa hiyo ukitia sosi, usitie chumvi tena. Mwenye ugonjwa wa presha apunguze zaidi, au atumie tangawizi, ndimu na dania kuleta ladha.

Unga wa ladha. Wengi huniuliza juu ya ule unga mweupe unaong'aa. Mjapani Kikunae Ikeda ndiye aliyegundua ladha yake katika mwani mwaka 1908. Wataalamu wa chakula husema kiasi kidogo hakina madhara kwa watu wengi. Lakini pesa yako ni yako: kitunguu saumu cha shambani kinatosha.

Mafuta ya moto. Watoto wakae mbali. Mafuta yakishika moto, usimwage maji hata tone! Funika karai kwa kifuniko, uondoe kuni au uzime jiko.

6. NA BIASHARA JE?

Najua kikundi kikisikia jambo jipya, la kwanza ni kuuliza, "Tutauza wapi?" Labda kuna hoteli mjini zinazonunua chipukizi au tofu. Labda hakuna. Mnakumbuka kware? Mwaka 2013 kila mtu alikuwa anafuga kware, mayai yakauzwa bei ya ajabu. Mwaka 2014 bei ikaanguka, na waliokopa wakabaki na vizimba. Walioumia zaidi ni walioingia wakiwa na habari ya mdomo tu.

Basi ushauri wangu ni huu. Pikeni kwanza mle. Kikundi kikishajua kutengeneza vizuri, tumeni watu wawili mjini na mfano mkononi. Waulize hoteli tatu au nne: mnanunua kiasi gani kwa wiki, kwa bei gani, mnalipa lini? Jibu liandikwe katika kitabu cha kikundi. Pesa za sanduku zisiguswe kabla ya hapo. Hata mkikosa mnunuzi hata mmoja, bado mtakuwa mmepata chakula, na hicho hakianguki bei.

Ndugu zangu, nimesema mengi. Vijana, mjifunze kushika mwiko, wavulana kwa wasichana. Huko China wapishi wengi wa hoteli ni wanaume na hakuna anayewacheka. Akina baba, siku mama atakapoleta karai hilo mezani, msitafute kipande chenu. Kiko kwenye kila sahani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika nyumba zetu, nyama au mayai yakipatikana, nani hula kwanza na nani hula mwisho? Nani anahitaji zaidi?
2. Ni vyakula gani kati ya hivi vilivyotajwa tunavyo tayari shambani? Ni vipi tungelazimika kununua?
3. Kuni au makaa ya wiki moja yanatugharimu pesa ngapi, au saa ngapi za kutembea?
4. Nani atajitolea kuotesha ndengu na kuzileta mkutano ujao ili tupike pamoja?